Barua kwa Zena

Sikonge, Tabora

Mpendwa Zena,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, ila miguu ndiyo inamsumbua. Doto kaolewa, picha atakutumia mwenyewe. Najua nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo nina jambo linaloninyima usingizi.

Wawindaji wamerudi kwenye shamba aliloniachia marehemu baba. Safari hii wamepiga gobore upande wa mizinga yangu ya nyuki, asubuhi kweupe, Shija akiwa hukohuko anakaza kamba. Mtoto alilala kifudifudi mpaka aliposikia wameondoka. Nilipofika nikakuta mzinga mmoja wa gome umetobolewa na vipande vya nondo, asali inachuruzika kwenye shina la mtundu, siafu wameshaufikia, nyuki wanavuma juu kwa hasira. Mbele kidogo nikaona mtego wa waya wa breki ya baiskeli, umetegwa kwenye njia ya kisimani. Zena, ile njia anayopita Mama!

Nikaenda kwao. Si wageni, ni walewale akina Baba Kulwa. Wakanijibu kwa upole kabisa: ardhi ni ya umma, mnyama ni wa serikali, wewe unatuzuia kama nani? Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Swala akilala kwenye mihogo yangu, si wangu. Ardhi nayo ni hivyohivyo, sote tunaishikilia tu.

Lakini mimi sidai swala! Nadai kuulizwa kabla mtu hajaingia na bunduki. Ninayo hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ina jina langu na mipaka yangu. Kibali cha kuwinda, kama wanacho, maana sijaonyeshwa, kinahusu mnyama. Hakigeuzi shamba la mtu kuwa pori. Na sheria hiyohiyo ya ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Hati ingekuwa ya kaka, naamini wangepiga hodi.

Kaka mwenyewe ananiambia niachane nao, ni wawindaji tangu enzi za mababu. Ni kweli, Wanyamwezi waliwinda tembo kabla hata hatujafikiriwa, na sitaki vijana wale wakose kitoweo. Waje mchana, waseme wako wangapi, wasitege njiani, wasichome majani kusaka wanyama. Moto ule ukishika miti ya miyombo, nyuki wanahama, na ada ya shule ya Shija inahama nao.

Baraza la Ardhi la Kijiji lilitukalisha, tukapeana mikono. Wiki haikuisha, gobore likalia tena. Baraza kazi yake ni kupatanisha, halina la zaidi. Kwa hiyo nataka kupeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tutunge sheria ndogo kisha iende wilayani ikaidhinishwe: hakuna kuwinda shambani kwa mtu bila ruhusa yake.

Hapo ndipo nakuhitaji. Uliwahi kuniambia huko Texas, tangu 1997, mtu akipaka miti yake rangi ya zambarau ni sawa na kuweka bango la kukataza watu kuingia. Mstari wa wima wa inchi 8 au zaidi, kati ya futi 3 na 5 kutoka chini. Na ukasema huko nako wanyama wa porini si mali ya mwenye shamba, ila anayetaka kuingia ni lazima aombe. Nimelikumbuka hilo usiku kucha. Bango la mbao hapa litageuka kuni, lakini nani ataiba rangi kwenye mti?

Sasa niambie: wawindaji wa huko wanaiheshimu kweli, au wanajifanya hawakuona? Ruhusa wanaiandika, au ni ya mdomo tu? Majirani wanaofahamiana wanafanyaje wasichukiane? Unaweza kupiga picha ya mti mmoja uliopakwa, niwaonyeshe wazee? Na wewe, ungekuwa mimi, ungemwendea Baba Kulwa nyumbani kwake kabla ya mkutano, au ungesema palepale mbele ya watu?

Mkutano uko mwisho wa mwezi. Nijibu kabla, tafadhali. Mama anauliza unakuja lini.

Rafiki yako,
Mama Shija