Nataka kufaili bankrapsi huku Maryland, ila kuna kiwanja Goba kwa jina la kaka

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote habari zenu. Mimi ni Mtanzania, naishi Silver Spring, Maryland, kazi yangu ni kuhudumia wazee, mchana nipo nyumba ya wazee na usiku mara nyingi naenda kukaa na mgonjwa nyumbani kwake. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo lina upande wa huku na upande wa nyumbani, na kila ninayemuuliza anajua upande mmoja tu.

Madeni yangu yanafika kama dola elfu 50. Elfu 41 ni kredit kadi na elfu 9 ni bili ya hospitali. Za kadi zimetokana na ugonjwa wa baba, alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapo Dar, bima hana, na katika watoto wote mimi ndiye niko nje, kwa hiyo mshahara nilikuwa natuma halafu huku naishi kwa kadi, chakula kadi, mafuta ya gari kadi, kuna miezi hata kodi ya nyumba nililipa kwa kadi. Baba alifariki mwaka juzi Mungu amrehemu, na sijutii hata senti niliyomtumia. Lakini riba ni zaidi ya asilimia 25, nalipa ile minimamu kila mwezi na deni liko palepale. Hiyo ya hospitali ni opresheni ya kidole tumbo, iliniangukia nimetoka kazi moja nimeingia nyingine na bima mpya ilikuwa haijaanza.

Sasa kampuni moja iliyonunua deni la kadi imenishtaki mahakamani. Karatasi nililetewa mpaka mlangoni, nikajibu ndani ya zile siku 15 zinazotakiwa hapa Maryland, ila najua wakishinda wanaweza kwenda kwa mwajiri wangu na kunikata mpaka robo ya mshahara. Nikikatwa robo sina kodi ya nyumba, hesabu iko hivyo tu.

Ndio nikaenda kwa wakili wa mambo ya kufilisika, ndiyo hiyo bankrapsi, kikao cha kwanza ilikuwa bure. Alinielewesha vizuri na nitawapa kama alivyonipa, labda na mwingine litamsaidia. Kuna njia mbili, zinaitwa Chapta 7 na Chapta 13 za sheria ya kufilisika. Chapta 7 wanaangalia kipato chako cha miezi sita iliyopita, mimi niliogopa sababu ya ovataimu, akapiga hesabu akakuta bado niko chini ya kiwango cha Maryland. Unasoma kozi fupi ya ushauri wa madeni mtandaoni kabla ya kufaili, unalipa mahakama dola 338, zinaweza kulipwa kwa awamu, na siku faili linapoingia tu simu za wadai na kesi za madeni zinasimama. Baadaye unakaa na mfilisi, yaani yule msimamizi wa kesi anayekagua mali yako kwa niaba ya wadai, siku hizi ni kwa Zoom, anakuhoji ukiwa umeapa, ukitaka mkalimani wanakupa bure. Mambo yakienda sawa miezi michache madeni yanafutwa, na rekodi ya kufilisika inakaa kwenye ripoti yako ya mikopo miaka 10. Chapta 13 hawafuti moja kwa moja, unalipa kidogokidogo miaka mitatu mpaka mitano halafu kinachobaki ndio kinafutwa.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua Chapta 7. Halafu wakili akauliza kama nina mali yoyote nje ya Marekani.

Nina kiwanja Goba, hapo Dar. Nilikinunua kabla baba hajaumwa, hela nilituma mimi na risiti zote za kutuma ninazo, ila karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina la kaka yangu kwa sababu yeye ndiye alikuwepo kusaini. Tulijenga banda la uani vyumba viwili, nyumba kubwa imefika lenta ikasimama, vyuma vya nguzo vinaonekana vimeshika kutu kwenye picha anazonitumia kaka. Kwenye banda hilo ndipo anaishi mama tangu baba afariki. Dalali wa pale anasema ukiuza kama kilivyo unapata kama milioni 40, kwa dola ni kama elfu 15.

Wakili hakuzunguka. Alisema sheria ya kufilisika inahesabu mali yako popote ilipo duniani na kwa jina la yeyote, ukiwa wewe ndiye uliyetoa hela kwa ajili yako basi una haki humo na lazima iandikwe. Maryland wananiruhusu kubaki na mali ya dola 6,000 ya aina yoyote na nyingine 5,000 juu yake, ila gari langu nalo linaingia humohumo, kwa hiyo kiwanja hakitakaa chote. Kinachozidi mfilisi anaweza kukidai kwa ajili ya wadai, iwe kiuzwe au mimi nilipie thamani yake ndio nibaki nacho. Na nikienda Chapta 13 vilevile wadai lazima wapate angalau kile ambacho wangepata kwenye Chapta 7, ila hapo nalipa kwa mwezi kwa mwezi na kiwanja hakiguswi. Amekadiria kama dola 350 kila mwezi.

Nikampigia kaka. Akasema we dada umerogwa, mahakama ya Marekani itakuja Goba kufanya nini, jina ni langu, nyamaza. Watu wa hapa pia, tena watu wazima ninaowaheshimu, wananiambia hivyohivyo, kwamba kila mtu ana kiwanja nyumbani na hakuna anayekiandika. Mmoja akanishauri nimwambie kaka akiandikishe kwa mama haraka. Hilo nilimuuliza wakili, akasema kuhamisha mali ukiwa unajiandaa kufaili ndio kubaya zaidi, kwenye fomu wanauliza ulichohamisha miaka miwili nyuma na wana uwezo wa kukirudisha.

Mimi sitaficha Shangazi, hilo naomba mlijue kabla hamjanijibu. Zile fomu nasaini kwa kiapo, kuficha mali ni kosa la jinai na kifungo chake kinafika miaka mitano, na mimi niko kwa green card nategemea kuomba uraia. Kufilisika kwenyewe hakuzuii uraia, lakini uongo mbele ya mahakama unaweza kuniharibia kila kitu nilichokihangaikia. Na hata bila green card, nitaapaje kwa Mungu kwamba sina kitu huku mama yangu kalala ndani ya hicho kitu.

Kuna la pili. Mwezi wa tatu nilipata rifandi ya kodi ya mapato nikamrudishia mdogo wangu wa Baltimore dola 4,000 alizonikopesha kwenye msiba. Nikaambiwa ukimlipa ndugu ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili, mfilisi anaweza kumfuata huyo ndugu azirudishe zigawiwe wadai wote. Mdogo wangu ana watoto watatu na hela ameshalipia gari. Wakili anasema nikisubiri mwaka utimie hilo linaisha, lakini kesi hainisubiri, hukumu ikitoka kabla naanza kukatwa.

Na kuna kikundi chetu cha kina mama, wananidai 2,000. Wadai wote lazima waandikwe, hata rafiki, na kila mmoja anapata barua ya mahakama kwa posta. Hawa nikishafutiwa naweza kuwalipa kwa hiari yangu, sheria hainikatazi, na nitawalipa. Lakini fikiria mtu anafungua bahasha anakuta jina langu na neno mufilisi kabla sijamwambia kwa mdomo.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kwanza, aliyewahi kufaili akiwa na ardhi nyumbani aniambie mfilisi alifanya nini hasa, alimwachia alipie kidogokidogo au alisumbuliwa, na thamani aliithibitishaje, barua ya mtendaji wa mtaa inatosha au mpaka mthamini aliyesajiliwa. Mimi moyo wangu umeshaelekea Chapta 13 ili mama asiguswe, ila miaka mitano ya dola 350 kwa mgongo huu wa shifti mbili naiogopa, maana nikishindwa njiani kesi inaweza kufutwa na madeni yananirudia. Bora nipambane hivyo au nichukue Chapta 7 nikubaliane bei na mfilisi?

Pili, Shangazi, hili ni lako zaidi. Kaka nitamwambiaje? Nahitaji anitumie kopi ya karatasi ya mauziano na aandike maelezo kwamba hela ilitoka kwangu, na yeye anaona nataka kumuuza mama. Ndiye mkubwa wetu, tangu baba aondoke ndiye baba, siwezi kumpita nikaenda kwa wajomba kabla sijamaliza naye. Na mama hajui lolote, ana presha, akisikia neno mahakama atajua nyumba inapigwa mnada kesho. Nimwambie sasa hivi kabla sijafaili, au nisubiri nijue mfilisi amesemaje?

Miadi na wakili ni mwisho wa mwezi huu, anataka nimpe jibu la Chapta ipi. Mwenye uzoefu naomba aandike hata kama hataki jina lake litoke.

Ni mimi binti yenu,
Silver Spring, Maryland