Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kwenda taratibu

Ndugu wanachama, wakubwa zangu shikamooni, wadogo mambo vipi.

Katibu kanisumbua wiki tatu nzima "mwenyekiti taarifa, mwenyekiti taarifa", haya hii hapa. Someni mkiwa mmekaa manake ni ndefu na mimi siyo mwandishi, mimi fundi cherehani ninaepeleka nguo za wateja na baiskeli ya mota, basi.

Kwa wale waliojiunga juzi juzi nianze na chama chenyewe, chama cha wenye baiskeli za mota hapa Mtwara. Sisi siyo bodaboda. Chombo chetu ni baiskeli ile ile ya kawaida, wengi wetu Phoenix, imefungiwa kiinjini kidogo katikati ya fremu, tanki limekaa juu ya mtalimbo kama papai, na pedeli zako zipo pale pale. Unanyonga kwanza, ukishapata mwendo unaachia klachi, injini inakohoa mara mbili tatu alafu inashika, miguu inapumzika. Watoto wa Chikongola wanaita "pikipiki ya kunyonga" na wakiniona wanakimbia nyuma, na kiukweli wenye mbio wananipita.

Sasa niingie kwenye ishu kubwa ya mwaka, mana najua wengine mmefungua hii taarifa kuangalia nitasema nini. SPIDI. Mnakumbuka kikao cha mwezi wa 4 vijana wetu wawili walikuja wamebadilisha sproketi ya nyuma (lile duara la meno linaloshika cheni) wameweka ndogo ili baiskeli ikimbie, wakaomba chama kianzishe mashindano ya kutoka Sabasaba mpaka Mikindani, kikao kikachafuka, mzee mmoja akavaa kofia yake akaondoka. Siku ile sikujibu vizuri sababu nilikuwa na hasira, najibu leo.

Mimi asubuhi natoka na baiskeli kilomita 20 hivi kwa saa, saa nyingine pungufu. Njiani kuna mzee anakaa nje kwake kwenye kigoda, kila siku yupo. Ukimpita na pikipiki ya mwendo wa 60 unamrushia "shikamoo" yake kama unatupa ganda la muwa, marahaba anaitikia vumbi. Mimi nikimpa shikamoo marahaba yake naisikia yote, alafu inakuja "habari za nyumbani", nami namjibu huku napita mbele ya mlango wake, alafu anamalizia "wasalimie" nikiwa nimeshafika kwenye mwembe. Salamu nzima imekamilika na sijakanyaga breki! Mwezi wa 7 sikumuona kwenye kigoda siku mbili, ya tatu nikasimama kuuliza, kumbe kalazwa, tukaenda kumuona. Wale wanaopita mbio pale hawakujua mpaka leo kama aliumwa. Ndo hesabu yangu ya spidi hiyo, mwenye hesabu nyingine ailete kikaoni ila asije na kelele.

Na ile methali mnayoijua siiandiki, ishakuwa ya kwenye kanga. Ila angalieni mji wetu wenyewe. Hizi barabara pana za Mtwara na bandari vilikuja na Mradi wa Karanga, Waingereza mwaka 1947 walikuwa na haraka ya mafuta ya karanga, wakaleta matrekta, wakajenga na reli ya kwenda Nachingwea, kufika 1951 mradi umekufa, na reli baadae ikang'olewa. Barabara zikabaki pana hazina foleni, na sijui mji gani mwingine unafaa kutembea na kiinjini kidogo jioni kama huu, upepo wa Shangani unakupiga shavu moja, unapiga stori na mwenzako mko sambamba bila kupiga kelele sana. (Sambamba pale ambapo hakuna gari nyuma jamani, siyo main road, mlishaambiwa.)

Safari iliyofana kuliko zote ni ya Mikindani mwezi wa 11. Kilomita kama 10 tu, tumetumia karibu saa nzima na wala sioni aibu. Msimu wa korosho ule, mnajua harufu ya mabibo yakianza kuchacha chini ya mkorosho, tamu yenye uchachu, kwenye gari vioo viko juu huipati, kwenye pikipiki inakupita puani mara moja imeisha. Sisi tuliingia ndani ya ile harufu kama mtu anaingia chumbani, tukakaa nayo, tukatoka, mbele kidogo mikorosho mingine nayo ikaanza tena. Alafu mashamba ya chumvi yale yanang'aa mpaka unafumba jicho, mikoko, na pale mama mmoja anauza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye beseni. Tulimuona kwa mbali, tukakubaliana, tukazima injini tukaserereka mpaka miguuni kwake kimya kimya, akacheka akasema nilijua pikipiki kumbe mabaiskeli. Ming'oko ile na chumvi na pilipili, wanachama watano walirudia.

Mikindani tukapanda kwenye Boma la Mjerumani la mwaka 1895, tukaangalia ghuba. Kijana mmoja akauliza Livingstone alipopitia hapa 1866 alikuwa na usafiri gani, nikamwambia alikuja na ngamia, nyati, punda na nyumbu, akapandisha kwenda upande wa Ruvuma. Kijana akasema basi sisi siyo wa mwisho kwa mwendo wa pole hapa Mikindani. Yule yule wa sproketi ndogo huyo. Nikanyamaza zangu.

Safari ya Msimbati haikufika. Lami ikiisha na mchanga ukianza matairi membamba yanazama, tukasukuma, tukachoka, tukarudi. Tusiipange tena mpaka mtu alete tairi pana.

Mafuta. Hapa naomba muwe makini mana mwaka huu mimi mwenyewe nimeua injini. Injini zetu hazina sehemu ya kuhifadhi oili kama za bodaboda, oili inaingia pamoja na petroli, hiyo hiyo ndo inalainisha pistoni, kwaiyo ukikosea kuchanganya umejimaliza. Nilinunua oili duka moja mjini, kopo zuri, bei nzuri mno, nikachanganya nikaenda Naliendele kupeleka sare za shule. Wakati wa kurudi nasikia sauti imebadilika, ile trrrr ikawa kama mtu anasaga mawe, alafu gurudumu la nyuma likakaza ghafla. Nikakamata klachi, Mungu saidia nilikuwa kwenye mwendo wangu ule ule wa mzee nikasimama salama, ningekuwa na 45 leo taarifa hii angeandika makamu. Fundi kufungua, pistoni imechubuka upande mmoja kama kisigino. Oili ilikuwa feki. Duka silitaji, nimeshaenda nimeongea nao, yaishe.

Kipimo chetu ni hiki: petroli lita 1, oili mililita 40. Chukua bomba la sindano la mililita 20 pale famasi, vuta mara 2, injini mpya inayolainika bado vuta mara 3. Tikisa dumu. Msipime na kizibo cha soda, kizibo ni kizibo.

Na wale wa Newala mnaoshuka ile milima: ukiachia resi kabisa kwenye mteremko mrefu huku klachi imeshika, injini inazungushwa na gurudumu lakini petroli inaingia kidogo mno, oili nayo kidogo mno, inajisaga karibu kavu. Kamata klachi uiache ipumue, na breki ziwe nzima. Zile breki za vyuma za Phoenix ziliwekwa kwa ajili ya miguu ya mtu, hazikuwekwa kwa ajili ya mota, mvua ikinyesha zinateleza kwenye rimu kama samaki, hiyo nayo ni sababu ya kwenda taratibu kama ile ya marahaba hamkuielewa. Kupanda mlima saidia injini, nyonga, hamna aibu, pedeli ziliachwa kwa kazi hiyo. Na nati! Kiinjini kinatetema kutwa nzima, kinalegeza kila kitu, kila jumamosi zungusha spana namba 10, hasa zile za sproketi zinazoshika njiti za gurudumu.

Kuna mwanachama aliniambia anataka kuuza sababu shemeji zake wanamcheka, wanasema ni ushamba. Mwambieni Soichiro Honda, yule yule wa jina la Honda, mwaka 1946 kule Hamamatsu Japani, nchi imetoka vitani petroli ya mgao, alichukua injini za jenereta za redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli akauza, ya kwanza ya majaribio inasemekana tanki lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kulalia. Na mwaka huo huo Wafaransa wakaanza kuuza VéloSolex, injini juu ya gurudumu la mbele, wakaenda nayo miaka na miaka sokoni na kazini. Ushamba gani huo wenye asili ya Honda.

Pesa zipo kwa mweka hazina, daftari lipo wazi, michango ya 2,000 kwa mwezi wengi mmelipa na wachache mnajijua.

Mwaka ujao kamati itaenda kuuliza rasmi usajili na leseni vikoje kwa vyombo vyetu ili tusije tukasumbuana na mtu barabarani. Elementi kichwani kila safari, hata ya dukani. Mashindano hayapo, ila nimekubali ombi la vijana kwa namna yangu: tutafanya shindano la mwisho kufika Mikindani, bila kusimama na bila kugusa chini, wa mwisho ndo mshindi. Ukitaka kujua nani anaijua klachi yake utamuona pale. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuisha, saa 12 asubuhi, pale pale kwenye mwembe, dumu lako lije limeshachanganywa.

Na alieazima spana namba 10 ya chama tangu safari ya Msimbati arudishe, tunajua ni nani.