Risala ya wahadhiri wasaidizi na wanafunzi wa uzamivu kwa Mgeni Rasmi, hafla ya kufunga mradi wa ushirikiano

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Chuo,
Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo,
Wageni wetu kutoka chuo rafiki cha Ulaya,
Wahadhiri, watumishi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja. Tuliagizwa risala isizidi kurasa mbili na isiwe na malalamiko. Hilo la kurasa tumelitii.

Mradi unaofungwa leo umetusomesha. Tumesoma kwa utaratibu wa kwenda na kurudi: miezi kadhaa kwenye maabara za wenzetu, kisha nyumbani kukusanya sampuli na kufundisha. Utaratibu huu si mgeni nchini. Uswidi, kupitia shirika lake la misaada, Sida, ilianza kufadhili utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na wahadhiri wengi wamepata uzamivu kwa njia hiyo. Faida yake inaonekana: anayekwenda anarudi, kwa kuwa ajira, familia na takwimu zake viko huku.

Leo lakini tungependa kusema jinsi miradi hii inavyopangwa na kuendeshwa. Wengi hudhani ushirikiano unaanza siku hati ya makubaliano inaposainiwa na picha kupigwa. Hati hizo zimejaa makabatini, na nyingine hazijazaa hata semina moja. Kazi yenyewe huanza mfadhili anapotangaza mwito wa maandiko, yaani maombi ya fedha za mradi. Mwito unaandikwa Brussels, Stockholm au London, unakuja na vipaumbele vyake, na muda wa kujibu ni wiki chache. Chuo cha huko kina ofisi nzima ya kuandaa maandiko. Huku andiko linamsubiri mhadhiri amalize vipindi na kusahihisha mitihani. Basi anaandika mwenye nafasi, na sisi tunaombwa barua ya kuunga mkono, ikiwezekana kabla ya saa kumi jioni.

Wapo waliojaribu kurekebisha hali hii. Vyuo vya Flanders, Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS, chombo chao cha ushirikiano wa maendeleo, vina programu ya chuo kwa chuo ambayo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliingia mwaka 2007. Programu hiyo hupangwa kwa takriban miaka kumi, si mitatu. Kila upande una mratibu wake, meneja wa programu anakaa kwenye chuo cha huku, na kuna kamati ya uongozi ya pamoja. Kwetu sisi, hiyo miaka kumi ndiyo yenye uzito kuliko kamati. Katika miaka mitatu mwanafunzi wa uzamivu hajamaliza hata kuandika sura zake.

Hata kamati nzuri ina mipaka. Uingereza iliposhusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, shirika lao la utafiti, UKRI, liliwatangazia watafiti Machi 2021 kwamba kuna pengo la takriban pauni milioni 120 kati ya fedha zilizoahidiwa na zilizopo. Miradi iliyokuwa katikati ikakatwa. Hapo hakuna mratibu wa upande wetu aliyeulizwa chochote.

Halafu kuna fedha ambazo hazipigiwi picha: umeme, mhasibu, mlinzi, mtu wa kufuatilia masurufu yasiyorejeshwa. Kwa miaka mingi NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, zimewapa wapokeaji wa nje ya nchi hiyo asilimia 8 juu ya gharama za utafiti wenyewe, kwa matumizi ya namna hii, huku vyuo vikubwa vya Marekani vikikubaliana na serikali yao viwango vinavyozidi asilimia 50. Utafiti ni uleule, na bili ya umeme haijui ruzuku imetoka wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukipita maabara yetu utaiona mashine ya kupima sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi na karanga. Baada ya watu kufariki kwa sumukuvu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hakuna hapa anayehitaji kuelezwa umuhimu wake. Mashine imefunikwa kitambaa. Taa yake imeungua, taa huagizwa nje, na mkataba wa matengenezo uliisha pamoja na kifungu cha bajeti. Chuo hakiwezi kuilipia kwa sababu kwenye vitabu bado ni mali ya mradi. Sampuli zetu tunazipeleka kupimwa kwingine, kwa malipo.

Hatusemi haya kwa kukata tamaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu cha Antwerp walikuwa wakichunguza panya wa mashambani Morogoro kabla ya yeyote kuwaza mabomu. APOPO, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilipohamia pale mwaka 2000, lilikuta wataalamu wanaomjua panya na chuo kilicho tayari kulipokea. Panya buku wakafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wakafanya kazi Msumbiji, na baadaye wakafundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Hatudhani kama kuna mfadhili aliyewahi kutangaza mwito wa kutafuta panya.

Kwa hiyo tunaomba Seneti ipitishe ajenda ya utafiti ya chuo, fupi, na mshirika yeyote aonyeshwe hiyo kabla ya kutuonyesha mwito wake. Baraza la Chuo liletewe kila mwaka orodha ya miradi yote, pamoja na vifaa vyake na tarehe ya kila kifaa kukabidhiwa chuo. Wizara itusaidie kudai kiwango kimoja cha gharama za uendeshaji kwa vyuo vyote vya umma, maana chuo kimoja kikidai peke yake, mfadhili anahamia cha jirani. Na ile taa, tunaomba isingoje Baraza.

Wageni wetu wametuambia mwito mpya unatarajiwa. Tunaomba rasimu ya kwanza safari hii iandikwe huku, nasi tupewe nafuu ya vipindi ili tuiandike.

Tunaomba kuwasilisha.