Mabaki ya mpingo yana kazi

Mhariri,

Uchumi wa Lindi na Mtwara ukizungumzwa, hutajwa korosho, ufuta na gesi. Mpingo ukibahatika kutajwa, hutajwa kama gogo. Ilhali thamani yake huongezwa na mkono wa fundi, na mafundi wengi wamejazana Mwenge, Dar es Salaam, mbali na msitu.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaviruhusu vijiji kunufaika na misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Lakini mnunuzi wa mbao za klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) huchagua kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala fundo. Kinachosalia, cha mti uliokua miaka 70 au zaidi, huachwa porini au huchomwa. Mchongaji angekigombania: kinyago cha mtindo wa shetani, wa maumbo ya mizimu, hufuata upindo wa tawi lenyewe, na tundu la gogo hugeuzwa mdomo.

Halmashauri zianze na banda la kukaushia karibu na msitu. Paa, vichanja vya nusu mita kutoka chini, upepo upite, jua lisiingie. Gogo hupasuka kwa sababu ncha zake hukauka upesi kuliko katikati, hivyo zipakwe nta au rangi nzito siku ileile ya kukata. Fundi akishatoa umbo kwa tezo, akifunge kipande kwenye gunia pamoja na maranda yake kwa wiki kadhaa, ndipo patasi na msasa vifuate. Wenye haraka huiruka hatua hii. Kinyago kinafika Ulaya kizima, kinapasuka sebuleni wakati wa baridi nyumba inapopashwa joto, na oda ya pili haiji.

Kuna pia mti mweupe unaopakwa dawa ya viatu na kuuzwa kama mpingo (ukwangue chini ya kitako utaona). Mpingo wenyewe huzama majini.

Mwisho, karatasi. Mabaki yauzwe kwa stakabadhi ya kijiji na hati ya kusafirishia, la sivyo mzigo utaishia kizuizini. Na bei iwe ya kilo, si ya mita za ujazo, maana vipande vilivyopinda havipimiki kwa futi.

Wadau wa mpingo,
Kilwa