Bwana Tumbo naye achapishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita niliingia hoteli moja hapa Nairobi nikakuta wametundika picha ya Theodore Roosevelt, yule rais wa Marekani aliyeshukia Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, baada tu ya kutoka madarakani, bunduki mkononi, mnyama kalala miguuni, na maandishi ya kumsifia ushujaa. Watoto wa shule walikuwa wanajipiga selfi hapo. Roho iliniuma.

Wamarekani wenyewe hawakumwacha hivihivi. Magazeti yao ya vichekesho kama Puck na Judge yalimchora miaka na miaka, meno yamejaa uso mzima, miwani, kofia pana, rungu kubwa. Na walikuwa na haki kabisa, maana huyu alikuwa mtoto wa matajiri wa New York, utotoni pumu ikimtesa, alipoingia bunge la jimbo 1882 wakamcheka kwa nguo zake na sauti yake nyembamba, basi kufika 1885 kaenda studio hukohuko mjini kapigwa picha kama mwindaji wa porini, suti ya ngozi yenye nyuzinyuzi zinaning'inia, bunduki, kisu cha Tiffany kiunoni, miwani kaivua. Kisu cha duka la vito jamani! Mchora katuni aliyemrudishia ile miwani usoni alikuwa anasema ukweli.

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba na sisi tulimchora, na hakuna anayesema. Wapagazi zaidi ya 200 walimbebea mahema, chakula, na chumvi tani 4 ya kuhifadhia ngozi, yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512, hesabu kaitoa mwenyewe. Mbele yake wanamwita Bwana Mkubwa, ila jina lake lingine lilikuwa Bwana Tumbo, na mwanawe Bwana Maridadi. Hiyo ni katuni kamili, bila wino bila karatasi, neno moja tu ushaliona tumbo linatangulia njiani na watu wako nyuma na mizigo kichwani.

Kwa hiyo nawaomba, siku mkichapa tena picha yake wekeni na katuni ya Puck pembeni, na chini yake muandike BWANA TUMBO kwa herufi kubwa, halafu mtaje na waliobeba ile chumvi.

Msomaji wenu wa kila siku,
Nairobi