Walimu wa sayansi wakutanishwe na mabwana mifugo

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi moja huku Magu, nafundisha la tano na la sita, na hili jambo linanikaa kooni toka mwaka jana.

Kuna siku nilikuwa nafundisha vimelea vya magonjwa, nimeandika ubaoni virusi, bakteria, fangasi, watoto wananakili kimyaa, mara dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona mdondo umemaliza kuku wote wa bibi ila bata hajafa hata mmoja na wanalala banda moja?" Darasa zima likaamka. Kila mtu ana kuku waliokufa kwao, huyu anasema bibi aliwawekea shubiri kwenye maji, yule anasema mama alinunua ile tetrasaikilini ya unga dukani na bado walikufa, na mimi mwalimu wao sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaliona mbele ya safari, nikarudi ubaoni. Iliniuma sana, maana lile swali ndo lilikuwa somo lenyewe na mimi nikaliacha likapita.

Jioni nikamfuata bwana mifugo wa kata, tukakaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Akanieleza kwamba mdondo unaletwa na kirusi, bata anaweza kukibeba asiumwe sana kwa hiyo huyohuyo anaweza kuwaambukiza kuku, na tetrasaikilini ni dawa ya bakteria, kwenye kirusi haigusi kitu, mama wa watu kapoteza hela yake tu na akizoea kuitumia hovyo hovyo anawapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Kinga ni chanjo, kama ile ya I-2 ya matone, tone moja kwenye jicho moja, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na lazima kuku awe mzima, akishaanza kuumwa umechelewa.

Kesho yake nikalirudia somo lote upya. Mhariri, sijawahi kuona darasa limetulia vile. Tofauti ya virusi na bakteria ambayo kila mwaka wanaikariri na kuisahau, safari hii walienda kuwaeleza wazazi wao nyumbani, na wazazi watatu walikuja shuleni kuniuliza chanjo inapatikana wapi.

Sasa hoja yangu ni hii. Sisi walimu hatukufundishwa hivi, chuoni tulisoma mada na mbinu za kufundishia, hakuna aliyetuonyesha kwamba zizi la ng'ombe na banda la kuku ni maabara. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa mtoto gani hajui ng'ombe? Chukua maini tu. Mtoto aliyewahi kwenda machinjioni na baba yake ameshaona mkaguzi wa nyama anayatupa maini yenye minyoo bapa. Huyo mnyoo anapitia kwa konokono kabla hajamfikia ng'ombe, na kichocho kinachotusumbua huku ziwani nacho kinapitia kwa konokono, japo sio konokono wa aina moja. Mnyoo wa maini ng'ombe anammeza pamoja na majani au maji, wa kichocho anatoboa ngozi ukiingia ziwani. Ukiichora hiyo mizunguko miwili ubaoni kwa pamoja mtoto anaelewa kwa nini anaambiwa asijisaidie ufukweni, haimwingii tena kama amri ya mwalimu.

Au kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu kupona ni kama hakuna, lakini ukiosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu ukawahi hospitali kupata chanjo, unaokoka. Hizo dakika 15 kila mtoto wa la tano anatakiwa azijue, maana wanaong'atwa sana ni watoto na mara nyingi wakubwa hawapo.

Najua kuna watakaosema mtaala umejaa. Siombi mada mpya hata moja. Magonjwa yapo kwenye mtaala, mmeng'enyo wa chakula upo, joto lipo. Badala ya kupima joto la maji kila mwaka, mwambie mtoto binadamu ana nyuzi 37, ng'ombe kama 38.5, kuku anafika 41, halafu muulize kwa nini, uone watakavyobishana.

Ila mwalimu asiachiwe ajifundishe mwenyewe kama mimi, kuna hatari hapo. Mwalimu asiyejua anaweza akaleta kuku aliyekufa darasani, au akawaruhusu watoto wapasue mzoga wa ng'ombe aliyekufa ghafla kumbe ni kimeta, na kimeta ukishapasua mzoga vijidudu vyake vinajigeuza mbegu zinazokaa kwenye udongo miaka na miaka. Ndo maana nasema mafunzo, tena ya kushika kwa mikono, sio ya kusomewa.

Na watu tunao. Mabuki hapo Misungwi kuna kampasi ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, Butimba kuna chuo cha ualimu, hawa wawili kwa nini wasikutane? Marekani chuo kikuu cha Texas A&M, upande wao wa udaktari wa mifugo, walianzisha mpango wa kuwaandalia walimu wa shule za kati masomo ya sayansi yanayotumia wanyama. Wenzetu wamefanya na watoto wao wengi ng'ombe wanamwona kwenye picha, sisi wanapita mlangoni kila asubuhi.

Naziomba halmashauri za huku, idara ya elimu na idara ya mifugo zikae meza moja, watupe hata siku tatu likizo ya Juni kabla kiangazi hakijakolea na mdondo haujarudi. Sisi kwetu tuko walimu wanne, bwana mifugo ameshakubali, tutaanza na kuku wa shule 26 na chupa moja ya chanjo. Yule dogo wa bata ameshaniambia yeye ndo atakuwa anashika kuku.

Mwalimu wa sayansi,
Magu, Mwanza