Kitufe kimoja kisifute ujuzi

Mhariri,

Naunga mkono kitufe kimoja cha kushambulia kilichoingizwa kwenye mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft mwaka 2025. Mpwa wangu ana mkono wa kushoto dhaifu, na sasa anacheza nasi kama mwindaji kila Jumamosi hapa Tanga. Kompyuta humchagulia pigo linalofuata; yeye hushughulika na kukwepa moto na kumlinda mponyaji wetu. Kitufe hicho hukawia kidogo baina ya pigo na pigo, na ni haki: anayechagua mwenyewe apate faida ya ujuzi wake.

Ninachopinga ni kufuta uamuzi wenyewe. Mwaka 2012 miti ya vipaji, yaani michoro yenye matawi ambamo mchezaji hugawa pointi kuchagua uwezo wa mhusika wake, iliondolewa, zikabaki ngazi sita, kila moja na vipaji vitatu vya kuchagua. Kwa mgeni ilikuwa nafuu, lakini mimi nilikosa raha ya kupanga. Miti ilirudi mwaka 2022, katika toleo la Dragonflight, nami nikarudia kukesha nikibishana na wenzangu juu ya pointi moja.

Vijana wetu wanaobuni michezo, tafadhali mpeni mgeni mapigo matatu ya kuanzia. Mengine yafunguke polepole, kila jipya likibadilisha matumizi ya lile la zamani.

Mchezaji wa siku nyingi,
Tanga